Tume ya Kuchunguza Programu Zinazogeuza Wanaume

Viongozi wa nchi yetu husafiri sana, na kila wakirudi hutuletea kitu. Mmoja alituletea kodi mpya, mwingine akatuletea mafua. Mheshimiwa Makeke, Waziri wa Maadili na Mitambo, alituletea ugunduzi.

Alikuwa amekwenda katika nchi moja ya baridi kuhudhuria mkutano wa watu wanaoandika programu huria. Kwa asiyejua, programu huria ni programu ya kompyuta ambayo mwandishi wake haifungii kabatini. Huiacha wazi kama mkeka unaosukwa uani: apitaye akiona ukili umelegea huketi, akaukaza, akaenda zake bila kudai kitu. Hilo la kutodai kitu lilimtia Mheshimiwa wasiwasi tangu mwanzo. Akajiambia kwamba lazima kuna jambo.

Jambo lenyewe alilipata mkutanoni. Msemaji mmoja alipanda jukwaani amevaa soksi ndefu za mistari zilizopita magoti. Waziri akamuuliza mkalimani yule mama ni nani. Mkalimani akamjibu kuwa ni mtaalamu mkubwa, na kwamba alipozaliwa wazazi wake walidhani wamepata mtoto wa kiume, baadaye ikaonekana sivyo. Wakati wa chai akaonyeshwa mwingine wa namna hiyo. Wa tatu alimwona mwenyewe bila kuonyeshwa, ingawa huyo wa tatu, kama tulivyokuja kuambiwa, alikuwa mwanamume wa kawaida mwenye nywele ndefu aliyekuwa akitafuta choo.

Aliwaona watatu akahesabu ukumbi mzima. Ndege ilipotua nyumbani alisimama kwenye ngazi kabla hajashuka, akawaambia waandishi wa habari, "Ndugu zangu, nimejionea kwa macho haya. Programu huria inageuza wanaume kuwa wanawake. Huanza na soksi."

Serikali yetu ni sikivu ikijisikiliza yenyewe, kwa hiyo hatua zilichukuliwa haraka. Soksi ndefu zilipigwa marufuku. Timu ya taifa ya mpira ikaingia uwanjani miguu mitupu na kufungwa kama kawaida yake. Kisha ukapelekwa bungeni muswada wa Sheria ya Kuwalinda Wanaume dhidi ya Programu.

Muswada ulikwama kidogo kwa sababu ya lugha. Waziri alitaka sheria itenganishe mtu aliye bado mwanamume na yule aliyekwisha kugeuka, lakini wataalamu wakamweleza kwamba lugha yetu husema "yeye" kwa wote, "anakuja" kwa wote, na "amekwenda" kwa wote. Mheshimiwa alisikitika sana kusikia kwamba mababu zetu walizungumza hivyo karne nenda karne rudi bila usimamizi. Akaliagiza Baraza la Lugha litengeneze "yeye" wa kiume. Baraza likakaa hotelini, likala, likatoka na pendekezo kwamba mwanamume aitwe "yeyebwana". Bunge lililijaribu neno hilo asubuhi moja. Spika akajiuma ulimi, likaachwa.

Sheria ilipita hivyo hivyo na "yeye" yake ya kurithi. Ilisema kwamba mtu atakayebainika kumgeuza mwanamume kwa programu atapelekwa Kambi ya Marejesho akapasue kuni mpaka mwisho wa maisha yake, na yule aliyegeuzwa atatibiwa kwa gharama za serikali. Kambi yenyewe ilikuwa haijajengwa, ila ilikuwa na mkurugenzi, naibu mkurugenzi na magari mawili.

Ikabaki kumpata mhalifu.

Katika jiji letu mtu aliyejulikana kwa programu huria alikuwa Tunu Msangule, mwanamke mrefu mwenye miwani, mpole wa maneno, anayependa kahawa kuliko chakula. Ndiye aliyeanzisha programu iitwayo Mkeka, iliyozisaidia zahanati kujua dawa gani ipo na ipi imekwisha. Waliokuwa wakiisuka pamoja naye ni maalim mmoja wa madrasa mwenye ndevu za kifuani, mtawa wa misheni ya huko milimani, na fundi wa malori.

Tunu alizaliwa akapewa jina la kiume. Mtaa wake ulilijua hilo. Ulikwisha kumsengenya ukachoka, ukahamia kwa mwenye nyumba wake aliyeoa mke wa tatu. Asiyejua alikuwa serikali, na serikali yetu ikijua jambo huja na magari mengi.

Walimkamata akinunua vitumbua. Wakachukua kompyuta yake, wakachukua na vitumbua kama vielelezo.

Wenzake pia walihojiwa. Maalim aliulizwa imekuwaje ameandika programu huria miaka yote hiyo na ndevu zake zipo. Akajibu kwamba ni kwa uwezo wa Mungu. Ofisa akaandika: dalili zimechelewa. Mtawa aliulizwa kama yeye anageuka kuwa mwanamume. Akasema anageuka kuwa mzee. Fundi wa malori hakusema lolote, akahesabiwa kuwa yuko katika hatua za awali.

Zahanati ziliamriwa kuzima Mkeka na kurudi kwenye utaratibu wetu wa asili wa kukisia. Katika zahanati moja mgonjwa wa tumbo alipewa dawa ya macho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mlango.

Kesi ilikabidhiwa Tume maalumu chini ya Jaji mstaafu Nyundo, mzee mwenye kusinzia, ambaye hata hivyo alikuwa na ugonjwa wa zamani wa kutaka ushahidi. Alifungua jicho moja akauliza, "Nani amemwona mwanamume akigeuzwa?"

Waziri akajibu kuwa yeye aliwaona watatu.

"Uliwaona wamegeuka, au uliwaona wakigeuka?"

Waziri akaanza kueleza tena habari za soksi. Jaji akaamuru ufanyike utafiti. Atafutwe mwanamume wa uhakika, asiye na doa, aliyehakikiwa na serikali yenyewe. Akae na mtuhumiwa, afundishwe hiyo programu, apimwe kila asubuhi. Akigeuka, Tunu ana hatia.

Ndipo yakafanyika mashindano ya kumtafuta Mwanamume Nambari Moja wa Jamhuri. Uwanja wa taifa ulijaa. Washindani walitakiwa kula pilipili bila kutoa chozi, kupotea mjini bila kumuuliza mtu njia, na kusikiliza habari ya msiba wa mama mzazi kwa kusema "sawa" tu. Wengi waliishia kwenye pilipili. Koplo mmoja aitwaye Chuma alifika raundi ya mwisho akazimia, akashika nafasi ya pili akiwa amelala kwenye machela.

Mshindi alikuwa Sajenti Pazi Ngurumo wa jeshi la polisi. Hapakuwa na ubishi. Sajenti alikuwa na mabega ya kubebea mlango na masharubu yaliyofika mahali kabla yake, na akitoa amri ya gwaride, mabati ya kambi huitikia. Alikula pilipili zote za meza yake akaomba za jirani. Wataalamu wa wizara walimpima wakatoa cheti, na Rais mwenyewe akakitia saini mbele ya umma huku bendi ikipiga.

Tunu na Sajenti wakafungiwa chumba kimoja cha wizarani, chumba kilichotumika kuhifadhia soksi zilizokamatwa. Kulikuwa na meza, kompyuta, na marundo ya soksi mpaka darini. Kila asubuhi aliingia daktari na rula akapima masharubu, akaingia na mwingine wa sauti akamtaka Sajenti aseme "kulia geuka". Wakiondoka, somo linaanza.

Yaliyosemwa humo tunayajua kwa sababu Tunu alikuja kuyasimulia. Mwanzoni Sajenti alimwita "mtuhumiwa", naye Tunu akamwita "afande". Vidole vya Sajenti vilikuwa vinene, vikibonyeza herufi mbili kwa pamoja, na mara ya kwanza programu yake ilipogoma aliitolea amri. Lakini alikuwa mwanafunzi wa ajabu. Hakuchoka. Tunu akimwambia wapumzike, Sajenti alisema, "Tuendelee, mtuhumiwa." Aliandika kama mtu anayechimba kisima akiwa na kiu.

Alasiri moja Sajenti aliinuka akaufunga mlango, akarudi akakaa, akakohoa.

"Mtuhumiwa."

"Naam, afande."

"Kitu hiki huchukua muda gani?"

"Inategemea mtu. Wewe unakwenda vizuri. Ukikazana hivi hivi, si muda utaweza kuandika peke yako."

"Sisemei kujifunza."

Tunu akaacha alichokuwa akifanya. "Unasemea nini?"

Sajenti alitazama ukuta. "Kugeuka."

Tunu alidhani mtu mzima kashikwa na hofu, akamhurumia. "Usiogope, afande," alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kugeuzwa na programu. Utatoka humu kama ulivyoingia."

Alitegemea kumsikia akishusha pumzi. Badala yake aliyaona yale mabega yakiporomoka kama gunia lililotobolewa.

"Hata kidogo?" aliuliza Sajenti.

"Hata kidogo."

"Waziri alisema redioni."

"Waziri alisema pia kwamba reli ingefika mwaka juzi."

Sajenti akainamisha kichwa. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya gwaride. "Nilijiandikisha mwenyewe kwenye yale mashindano," alisema. "Zile pilipili nilizila nikisema moyoni, vumilia, ukishinda utapelekwa kwenye hiyo programu. Nilidhani Mungu amenifungulia mlango. Tena kwa gharama za serikali."

Tunu hakucheka, ingawa alikiri baadaye kwamba ilimgharimu. Alivuta kiti karibu.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikugeuzwa na kompyuta. Nilikuwa Tunu kabla sijaijua, ila nilikuwa Tunu peke yangu, kimyakimya. Nilipojiunga na hao watu wa programu huria waliniuliza jina, nikaandika hilo. Basi. Hawakutaka cheti, hawakutaka kuniona. Nikarekebisha kosa moja dogo, na mtu wa mbali nisiyemjua akaniandikia: Asante, Tunu, kazi safi. Nilikaa na maneno hayo siku nzima kama mtu aliyepata barua ya posa. Wao walichotaka kujua ni kama programu inafanya kazi."

"Ndiyo maana mko wengi huko."

"Wengi wapi. Tuko wachache, ila huko hatujifichi, ndiyo tunaonekana wengi. Mgeni akiona kuku mmoja mweupe bandani, akirudi kwao atasema ni banda la kuku weupe."

Sajenti akatabasamu kidogo chini ya masharubu. Tunu akamwuliza, "Na wewe, jina lako ni nani?"

"Pazi. Unalijua."

"Hilo najua. Nauliza lako."

Nje, madereva wa waziri walisikika wakibishana kuhusu mpira. Mwisho Sajenti akasema, polepole, kama mtu anayeweka yai mezani, "Hidaya."

Lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwake mbele ya mtu asiye mama yake.

"Haya, Hidaya," alisema Tunu, akamgeuzia ile kompyuta. "Mstari wa nne umesahau kufunga mabano."

Tangu siku hiyo hapakuwa tena na mtuhumiwa wala afande katika chumba kile. Daktari wa sauti aliripoti kwamba Sajenti amekuwa na furaha isiyo ya kijeshi, lakini rula haikuonyesha badiliko. Waziri akaanza kuingiwa na wasiwasi. Alikwisha kutangaza matokeo kwa mabalozi, na sasa masharubu yalikuwa yanamwangusha.

Aliyemwokoa ni Koplo Chuma. Koplo huyo aliishi chumba kimoja na Sajenti huko kambini, na hajapata kuisamehe dunia kwa zile pilipili. Alivunja sanduku la Sajenti akitafuta lolote la kumchafua, na chini kabisa, chini ya sare na buti, akakuta dera la maua ya zambarau limekunjwa vizuri na kutiwa karafuu lisiliwe na nondo. Akakimbia nalo mpaka wizarani.

Waziri alilipokea dera lile kama mtu anayepokea mtoto wake aliyepotea. Akaamuru Tume ikutane hadharani katika ukumbi mkuu, matangazo yarushwe moja kwa moja, na ndugu wa Sajenti waletwe kushuhudia balaa lililompata kijana wao.

Kabla ya kikao alimvuta Sajenti pembeni kwenye korido.

"Sajenti," alimwambia kwa upole, "wewe si mkosaji. Wewe ni majeruhi. Utapanda cheo, utatibiwa nje ya nchi, mtaa utapewa jina lako. Useme jambo moja tu, kwamba dera hili ulianza kulitamani baada ya kukaa na yule mtu."

"Nisiposema?"

"Utakuwa umenidanganya mimi, umelidanganya jeshi, na umemdanganya Rais. Hapo sitaweza kukusaidia."

Sajenti alipiga saluti, maana mikono ilikuwa imezoea, akaingia ukumbini.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Tunu alikuwa amesimama kizimbani kati ya askari wawili. Jaji Nyundo alikuwa amesinzia. Waziri alihutubia taifa kwanza, akaeleza jinsi programu inavyoingia kupitia ncha za vidole, ikapanda mikononi, ikafika moyoni na kulainisha. Kisha akalitoa dera, akalikunjua juu. Ukumbi ukaguna. Bibi mmoja akasikika akisema ni kitambaa kizuri.

"Sajenti Ngurumo," alisema Waziri. "Dera hili ni la nani?"

"Ni langu, mheshimiwa."

Watu wakashika vichwa. Waziri akatabasamu kwa huzuni, tabasamu alilokuwa amelifanyia mazoezi. "Iambie Tume ulilipata lini. Ni kabla au baada ya kukutana na mtuhumiwa?"

Tunu anasema kwamba hapo alifumba macho. Alijua Sajenti ameahidiwa nini, maana walinzi hawana siri. Alijua pia kwamba mtu huyo hakuwa na sababu ya kujitupa motoni kwa ajili ya mwalimu wa kompyuta. Akaanza kufikiria kuni.

Sajenti alikohoa. Jasho lilikuwa limeyalowesha masharubu.

"Kabla, mheshimiwa."

"Rudia swali ulielewe."

"Nimelielewa. Kabla ya kukutana naye. Kabla ya kuingia polisi. Dera hili nimeondoka nalo nyumbani." Akamgeukia Jaji, na sasa alizungumza kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliokuwa madirishani. "Mheshimiwa Jaji, mimi sijageuka. Nimekaa na programu hiyo, nimeijaribu kwa moyo wote, na ukweli ni kwamba nilitaka inigeuze. Haikunigeuza chochote ila mgongo unauma. Nimetoka humo kama nilivyoingia. Niliingia mwanamke."

Waliokuwa wakitazama kwenye televisheni wanasema picha ilikatika na ukaja wimbo wa taifa, lakini fundi mitambo, kwa kutaka kusikia mwisho, aliirudisha mwenyewe.

Waziri alikuwa amebadilika rangi. "Anaongozwa na ugonjwa," alisema. "Programu imemfundisha kusema hivyo."

"Programu gani?"

Sauti ilitoka upande wa ndugu. Alikuwa Bi Kidawa, mama yake Sajenti, mwanamke mfupi aliyeletwa na gari la serikali tangu kijijini Kwachambo bila kuambiwa anaitiwa nini. Alikuwa amekaa na kikapu chake magotini, na sasa alikiweka chini akasimama.

"Mama, kaa, muda wako haujafika," alisema Waziri.

"Muda wangu umefika nilipomwona mwanangu anatoka jasho. Nauliza programu gani. Huyu alikuwa hivi tangu akiwa mdogo, hata kusema vizuri bado. Baba yake alichapa akachoka, mimi nikaomba nikachoka, mwisho nikasema kama Mungu hana haraka ya kumbadili, mimi ni nani. Dera hilo nimemshonea mimi. Kompyuta ningeipata wapi? Kwetu kompyuta hakuna. Hata umeme wenyewe hakuna. Mlileta nguzo wakati wa uchaguzi, kura zilipokwisha mkaja mkazing'oa."

Mtu mmoja akaanza kucheka madirishani, na kicheko kikatambaa. Bi Kidawa hakucheka. Alimtazama mwanawe, akamwambia, "Simama wima. Ulivyosema umesema." Akakaa, akakirudisha kikapu magotini.

Jaji Nyundo alikuwa amefungua macho yote mawili, jambo ambalo karani wake hajapata kuliona. Aliiomba ile sheria, akaisoma.

"Sheria humwadhibu anayegeuza," alisema, "na humtibu aliyegeuzwa. Shahidi anasema hakugeuka, na vipimo vya wizara vinasema hivyo hivyo. Juu ya mtu ambaye hakugeuka, sheria hii haina neno."

"Basi alitudanganya kwenye mashindano," alisema Waziri. "Hakuwa mwanamume."

"Alihakikiwa na nani?"

"Na wizara."

"Na cheti kimesainiwa na nani?"

Waziri alifungua mdomo, kisha akakumbuka ni nani, akaufunga. Katika nchi yetu saini ile haikosei. Ukumbi mzima ulimtazama akiwa amesimama na dera mkononi, akitafuta pa kuliweka.

Tunu aliachiwa siku hiyo hiyo. Vitumbua havikurudishwa. Hidaya alimkuta nje kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mlinzi kati yao. Tunu alitaka kumshukuru, akaishia kumshika mkono. "Sasa utafanya nini?" aliuliza.

"Sijui," alisema Hidaya. "Naogopa sana. Lakini nina njaa pia." Wakaenda kula wali, watatu pamoja na Bi Kidawa, na watu barabarani wakapisha, wengine kwa heshima, wengine kwa kuogopa kuambukizwa.

Jeshi lilikaa kikao juu ya Hidaya. Kumfukuza kwa sababu ya kweli kungekuwa kukigusa cheti, kwa hiyo lilimstaafisha kwa heshima zote kwa sababu ya matatizo ya macho. Hidaya, anayeona sindano ikiwa imeanguka uani, alipokea barua hiyo, akanyoa masharubu, akarudi kwao Kwachambo. Si kila mtu alimpokea. Shemeji yake alihama upande wa pili wa kijiji, na mpaka leo wapo wanaogeuza shingo akipita. Bi Kidawa huwasalimia hao kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Tume nayo ilitakiwa kuandika ripoti, maana ilikuwa imekwisha kutengewa posho ya kuiandika. Kama si programu, kilichomfanya Mwanamume Nambari Moja awe vile ni nini? Waziri alipitia ushahidi wote akaona jambo moja tu ambalo lilikuwapo tangu mwanzo. Akaitisha waandishi wa habari. "Ndugu zangu," alisema, "tumepata kiini. Ni giza. Vijana wetu wanalainika kwa kukosa umeme."

Wasomi wawili wa chuo kikuu wakathibitisha kwa michoro. Mkeka ukaruhusiwa tena katika zahanati, ila kwa sharti kwamba taa ziwe zinawaka. Na Kwachambo, kijiji kilichoomba umeme tangu enzi za bibi zao, kikaletewa nguzo, nyaya na mafundi kabla msimu wa mvua haujaanza.

Waziri alikwenda mwenyewe kuwasha. Alisema kwamba kuanzia leo wanaume wa Kwachambo watabaki wanaume, akabonyeza swichi, na taa zikawaka mchana kweupe. Watu walipiga makofi kwa dhati. Kisha akazungushwa kuona maendeleo. Katika zahanati alimkuta mwanamke mkubwa wa mwili aliyevaa dera na mtandio, akiwafundisha wauguzi kutumia Mkeka kwenye kompyuta aliyotumiwa na Tunu. Waziri akauliza yule ni nani. Mwenyekiti wa kijiji, baada ya kufikiri kidogo, akasema ni mwalimu.

Mheshimiwa alivutiwa. Aliwageukia wasaidizi wake akawaambia waandike. Alisema hawa ndio wanawake taifa linaowahitaji, wanaojisitiri, wanaofanya kazi bila makelele, wasioiga mambo ya nje. Akampa mkono. Hidaya akaupokea, akamwambia asante kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza.

Alipotoka alikuta ujumbe wa wazee wa kijiji jirani unamngojea penye gari. Nyuma yao walisimama vijana wao imara, wapasua mbao, wamejifunga kanga viunoni na kushika mashavu.

"Mheshimiwa," alisema mzee mmoja kwa masikitiko, "sisi umeme tunao. Lakini tangu daraja lilipobomoka, tazama mwenyewe."